Wakwe Zangu Wanataka Nifungue Begi

Msimamizi wa ukurasa huu, uniwie radhi kwa ukimya wangu. Nilipokuandikia mara ya kwanza kuhusu ugonjwa wangu, uliniuliza kama niko radhi kisa changu kitolewe bila jina, nami sikukujibu kwa miezi kadhaa kwa sababu sikukuamini. Hata sasa sijakuamini kikamilifu, kwa maana Morogoro ni mji mdogo na watu wake wanajua kuunganisha mambo. Ila nimefika mahali ambapo kunyamaza kunaniharibia kuliko kusema.

Mimi ni mwanamume wa miaka sitini na sita, mwalimu mstaafu, mkazi wa mjini. Si mzaliwa wa hapa. Kazi ndiyo iliyonileta. Nina mke na binti mmoja, ambaye hapa nitamwita Rehema. Walionizidi umri nawaamkia; mlio wadogo kwangu, marahaba.

Ninaugua utumbo mpana. Daktari alinieleza kuwa utumbo wangu huvimba na kuota vidonda, kwamba ugonjwa huu hauambukizi, na kwamba dawa huutuliza lakini haziumalizi. Ukitulia, naweza kukaa miezi kama mtu mwenye afya. Ukiamka, naharisha damu, tumbo linasokota, na haja ikija haisubiri nimalize sentensi. Nikiingia popote, kwanza naangalia choo kiko wapi. Ibadani nakaa karibu na mlango. Nikisafiri, hata kwenda Dumila tu, sinywi chai asubuhi. Maharage na pilipili nimeviacha, kwa kuwa mwilini mwangu ndivyo vinavyochokoza. Tena siachani na begi langu jeusi: ndani mna suruali ya akiba, karatasi za chooni, sabuni, vidonge, na kikopo cha wali uliolainishwa. Nyumbani, mke wangu peke yake ndiye anayejua. Rehema anajua tu kwamba baba tumbo humsumbua.

Rehema amechumbiwa na kijana wa Kiluguru, mwenye adabu na kazi yake. Baada ya posa kukubaliwa, tukaalikwa kwao milimani, upande wa Matombo, ili tufahamiane. Kule neno la mjomba ndilo neno. Mjomba wa kijana alitupokea vizuri mno, na mimi mtu akinipokea vizuri mno huanza kujiuliza anataka nini.

Siku ile ugonjwa ulikuwa umeamka. Likaletwa sinia: wali, maharage ya nazi, kisamvu, pilipili pembeni. Nikanawa mikono pamoja na wenzangu, kisha sikugusa kitu.

"Mkwe, karibu," mjomba akasema. "Mbona unalitazama sinia kama karatasi ya mtihani?"

Watu wakacheka.

"Nimeshiba, mzee mwenzangu."

"Umeshibia wapi? Tangu mjini mpaka huku, nani kakupikia njiani?"

Hapo hakuna aliyecheka. Mnajua wenyewe: kukataa chakula cha mtu nyumbani kwake ni kumwambia usoni kuwa ni mchawi. Ningejieleza, lakini tumbo lilikuwa limeanza. Nikachukua begi, nikazunguka nyuma ya nyumba kulikokuwa na choo. Nikarudi. Nikaenda tena. Mchumba wa Rehema, kwa heshima tu, akataka kunipokea begi, nikalivutia kwangu kwa nguvu. Mwishowe, njaa ikinitetemesha, nikachuchumaa kando ya mgomba nikafungua kikopo changu. Kuinua macho, mama wa kijana amesimama na ndoo ya maji, ananitazama.

"Kumbe mkwe umekuja na chakula chako!" akasema kwa sauti ya kufika barazani. "Haya, kula baba, kula. Chetu kina sumu."

Tuliondoka bila kuagwa sawasawa. Siku chache baadaye maneno yakatufikia mjini: kwamba baba yake Rehema hakula, kwamba aliizunguka nyumba na begi asilotaka liguswe, kwamba pale mgombani alizika kitu. Wamepachimba. Hawakukuta kitu, na kutokukuta kumewazidishia hofu.

Sasa mjomba ametuma ujumbe: kabla ya ndoa nipande tena, nile nao sinia moja, na begi nilifungue mbele ya wazee. Nami nawashuku. Nadhani wamekwisha kunusa kuwa ninaumwa, wanatafuta ushahidi waseme ukoo wetu una maradhi. Daktari hakunificha kwamba wakati mwingine ugonjwa huu huonekana kwa zaidi ya mtu mmoja katika familia. Nikisema hilo, wataoa? Nikilificha, si nimewadanganya?

Mke wangu amenichoka. "Baba Rehema, unaona aibu kusema unaharisha, huoni aibu kuitwa mchawi?"

Nikamwambia kuwa aibu ya uchawi ni ya uongo, hii nyingine ni ya kweli. Akaendelea kuchambua mchele.

Lililonivunja lilitokea juzi. Rehema aliingia sebuleni, akaniamkia, akabaki amesimama.

"Baba, mjomba ameniuliza kwenye begi kulikuwa na nini. Nimjibuje?"

"Nguo."

"Nguo za nini, Baba, kwa safari ya kwenda na kurudi?"

Nikamkaripia. Hakuondoka.

"Sikuvunjii heshima. Nataka uniambie mwenyewe. Ulizika nini kule nitakakokwenda kuishi?"

Mwanangu wa kumzaa! Wale wengine nilikuwa tayari kuwashuku mpaka kaburini, lakini sikutegemea kwamba yeye naye angenishuku mimi. Tumbo likaniita, nikainuka, na begi mkononi. Alinitazama mpaka nilipofunga mlango.

Ninatakiwa mlimani Jumamosi ya wiki ijayo. Nikila maharage yale, nitaadhirika palepale mkekani. Nisipokwenda, ndoa imekufa na jina la uchawi limebaki. Ninyi wenye ugonjwa kama wangu, mliwaambiaje wakwe zenu? Nianze na binti yangu, au na wazee wale? Nishaurini, bila mizaha, na asiwepo wa kunielekeza kwa mganga. Nitasoma kila neno ingawa sitajibu. Nikishakata shauri, nitawaandikia nilichoamua, kiwe cha heshima au cha aibu.