Yupo Nyumbani

Kwetu Majengo, mtu mwenye kazi ni yule anayetoka asubuhi na kurudi jioni amechoka. Mimi nachora na kudizaini sebuleni kwangu, kompyuta mezani, khanga kiunoni, basi mtaa mzima unajua sina kazi. Jirani akitaka kuacha funguo, kwangu. Mtoto wa mtu akirudishwa kutoka shule ana homa, kwangu. "Si upo tu?" Ndiyo, nipo. Nachora lebo za asali na picha za vitabu vya watoto, na mwenye kitabu yuko Dar anapiga simu anauliza tumefikia wapi.

Baba alipopooza, ndugu zangu hawakuhitaji kikao kirefu. Kaka mkubwa ni afisa, dada ni nesi, mdogo wetu ni mwalimu. Mzee akaletwa kwangu, eti kwa kuwa mimi nipo nyumbani. Nikaweka kitanda chake karibu na meza, nikawa nachora kwa mkono mmoja, wa pili umeshika kikombe cha uji. Vitabu viwili vilinipita kwa kuchelewesha. Sijutii kumtunza, alikuwa baba yangu. Ila vilinipita, na hakuna aliyeuliza.

Baba tu ndiye aliyeuliza. Maisha yake yote aliuza dagaa wa Ikola, wa Ziwa Tanganyika, pale sokoni, na kila jioni, kwa ulimi wake mzito, alikuwa ananiambia, "Kazi imeenda?" Wengine wote waliiita "vile vipicha vyako."

Alipofariki, kaka akanitumia wasifu wa marehemu kwenye simu, niutengenezee kijitabu cha kugawa msibani. Jalada nikamchora baba ameegemea magunia yake ya dagaa, kofia imelalia sikio, vile alivyokuwa kabla ya kuugua. Nililia, nikanawa uso, nikaendelea. Ndipo nikafika kwenye majina ya watoto. Kila mmoja na kazi yake. Mimi nimeandikiwa: yupo nyumbani.

Nikampigia. "Kaka, naomba uniandike mchoraji."

"Mdogo wangu, watakuja watu wa ofisini kwangu. Mchoraji wa nini, kuta za saluni? Acha kama ilivyo."

Ningeweza kubadilisha mwenyewe, kazi yote ilikuwa mikononi mwangu. Sikubadilisha. Nilitaka neno lile alitoe yeye, si niliibe.

Katekista aliusoma wasifu makaburini, na kwangu akasoma vile vile. Baada ya mazishi, mzee mmoja aliyekuwa akiuza karibu na baba sokoni alikishika kile kijitabu, akafuta macho.

"Huyu ndiye yeye kabisa. Nani kamchora?"

Kaka alikuwa amesimama karibu yangu. "Tulitengenezesha Mwanza," akasema.

Shukrani ya punda ni mateke. Nikaenda kuosha masufuria na wanawake wenzangu.

Juzi kaka ameniandikia tena. Bosi wake kafiwa na mama, kakiona kijitabu cha baba, anataka kama kile kile, na kwa kuwa mimi nipo tu, nikimalize leo. Nikamjibu, "Leo siwezi, kaka. Nina kazi."

Hakukawia kujibu. "Kazi gani?"