Kuvoma Maji

Kilichomshinda Exaucée mwanzoni, alipofika Kampala kutoka Goma, kilikuwa salamu. Kwao mtu husema "jambo", akajibiwa "jambo sana", kila mmoja akashika njia yake. Huku mtaa wa Makindye mama mwenye nyumba aliulizia usiku, kazi, na watu wa nyumbani, kisha wote wawili wakabaki wakiguna kwa zamu, "eee", "mmm", na Exaucée hakujua mguno upi ndio wa mwisho. Mara nyingi aliondoka mapema mno, akaonekana hana adabu.

Chakula nacho kilimchanganya. Aliagiza wali na maharage, muuzaji akamtazama kwa huruma akamuuliza, "Na chakula?" Ilimchukua muda kuelewa kwamba bila matoke, zile ndizi zao za kupika, sahani haijahesabiwa kuwa na chakula.

Kazi yake ilikuwa msaidizi wa mwalimu wa Kiswahili, katika kituo kidogo cha lugha walikosomea walimu wa shule za msingi. Somo la Kiswahili lilikuwa limeingia katika shule zao, na wengi walikuwa hawakijui ila kile cha amri na matusi walichosikia kwa askari. Exaucée aliwekwa pale azungumze nao tu, wakisikie kwa mtu aliyekinyonya kwa mama yake.

Siku ya kwanza walimcheka. Alisema "mayi" badala ya "maji", darasa zima likavunjika mbavu. Aliyewanyamazisha ni mwalimu mkuu wa darasa, Aol, mwanamke mrefu aliyezaliwa katika nyumba za polisi za Nsambya na kusomea ualimu Tanzania.

"Mnacheka nini?" Aol aliwauliza. "Huyu amekuja na lugha yake. Ninyi yenu iko wapi?"

Tangu siku hiyo Exaucée alimwita dada, na alimaanisha. Aol ndiye aliyemtafutia chumba, akamfundisha kubishana na watu wa bodaboda, akampeleka kwa baba yake, Mzee Tarcisio, askari mstaafu, aliyefurahi kupata mtu wa kupiga naye Kiswahili. Jumapili Exaucée alikula kwao kama mtoto wa nyumba.

Malaria ilipomwangusha, Aol ndiye aliyemshika mkono hadi hospitali kule Nsambya, akaketi kando ya kitanda akimnywesha uji. Homa iliposhuka, maneno yakatoka yenyewe. Exaucée alimsimulia jambo ambalo hakuwahi kumwambia hata padri.

Vita vilipokaribia mtaa wao, mama yake alikataa kuondoka. Alikataa vilevile kuachwa peke yake; alimshika bintiye kitenge akamwambia, ukienda umeniua. Mjomba alikuwa na gari, nalo lilikuwa likiondoka asubuhi ile. Basi Exaucée akamwambia mama yake, "Nakwenda kuvoma mayi," akatoka, akapanda gari. Mama alinusurika. Walizungumza kwa simu kila wiki, na mpaka leo, Exaucée aliamini, mama alidhani mwanawe alikatiwa njia na mapigano akiwa bombani.

"Usimwambie mtu, dada," alimwomba.

"Nimwambie nani?" Aol alijibu, akimpangusa jasho. "Lala, mdogo wangu."

Muhula ulipokaribia kwisha, Aol alikuwa akifundisha namna ya kusimulia kwa kutumia -ka-. Walimu wa Kampala walikuwa wakipachika "alikuwa ana" kila mahali, na mifano ya kitabuni iliwachosha. Mchana huo Aol alifunga kitabu.

"Sikilizeni hadithi," alisema. "Kulikuwa na msichana mmoja. Vita vikaja. Mama yake akakataa kuondoka."

Exaucée alikuwa nyuma ya darasa akifuta ubao mdogo. Alijiambia kwamba vita ni vingi na akina mama wanaokataa kuhama ni wengi. Lakini Aol aliendelea: akamshika kitenge, akamwambia ukienda umeniua. Msichana akamdanganya mama yake, akamwambia anakwenda kuvoma maji.

Mwalimu mmoja, Nabilah, aliinua mkono. "Mwalimu, hii neno kuvoma ni nini?"

"Ni neno la kule Kongo," Aol alisema, akageuka akitabasamu. "Exaucée, waeleze."

Nyuso zote zikamgeukia. Exaucée alijaribu kuyasoma macho ya Aol, akitafuta aibu hata kidogo. Hakuona ila furaha ya mwalimu ambaye somo lake limekolea.

"Ni kuchota," alisema. "Kuvoma maji ni kuchota maji."

"Vizuri. Haya, wote: msichana akafanya nini?"

"Akamdanganya mama yake!" darasa likajibu kwa sauti moja.

"Halafu?"

"Akaondoka!"

"Akamwacha!" Opoka, aliyekuwa nyuma kuliko wote, aliongeza kutoka pembeni, na kwa kuwa alikuwa amepatia, wakampigia makofi.

Walipotoka, Exaucée alifunga mlango.

"Ile ilikuwa yangu, dada."

"Sikutaja jina lako."

"Ulitaja neno langu. Ukanisimamisha nilieleze."

"Umeona walivyoshika somo?" Aol alisema. "Wiki tatu nahangaika nao. Leo hata Opoka amepatia. Hadithi nzuri haifai kufichwa hospitalini."

"Si hadithi. Ni mama yangu."

Aol alikusanya chaki zake. "Mdogo wangu, una hasira za ugenini. Zitapita. Jumapili njoo, mzee anakuuliza."

Jumapili hakwenda. Kanisani, jirani yake Marie-Jeanne, Mkongomani mwenzake aliyeuza vitenge, alimwegemea akamnong'oneza kwamba kuna msichana wa Goma, hajui ni nani, aliyemtoroka mama yake kwa kisingizio cha maji. Kasikia kwa mteja wake mmoja, mwalimu. "Mtoto gani huyo?" Marie-Jeanne alisikitika. Exaucée aliguna tu, "eee".

Akawaza kwamba Goma si mbali kwa maneno. Alipofika chumbani akampigia mama yake, akamwambia yote kabla hajaambiwa na mtu mwingine.

"Ulitokaka bila ndoo," mama yake akasema. "Ulifikiri sikuona?"

"Mama, mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja wewe." Kisha, kwa sauti iliyochoka: "Na huyo uliyemwambia kwanza ni nani?"

Exaucée alijua kila jibu lingemuumiza mama yake mara ya pili. Akasema, "Rafiki." Mama akasema ana kazi jikoni, watazungumza siku nyingine. Wiki iliyofuata hakupokea simu, wala iliyofuata. Alipokuja kupokea, aliuliza kuhusu afya na hali ya hewa, kama mtu anayemjulia hali mpangaji wa zamani.

Exaucée alimaliza muhula. Sasa yuko kwenye shule moja upande wa Luzira, ambako kukipambazuka husikia honi za meli za bandari ya Port Bell, na huwafundisha watoto nyimbo na majina ya wanyama. Aol alimfuata huko mara moja, na matoke kutoka kwa mzee. Exaucée alipokea kwa mikono miwili, akauliza habari za nyumbani, za kazini, za mzee, akaguna inavyotakiwa hadi mguno wa mwisho. Alimwita Mwalimu. Aol alisubiri kidogo mlangoni, kama anayetegemea kuitwa vingine, kisha akaaga.