Mkoba kwenye Foleni ya Kura

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni mwalimu wa darasa la nne, na watoto wamempa jina la Mwalimu Shingoni. Jina hilo kalitafuta mwenyewe. Akichoshwa na jambo, hulaza kiganja chini ya kidevu kama mtu anayepima kina cha maji, kisha husema, "Mmenifikisha hapa!" Msidhani ni mtu mbaya. Ukikanyaga mboga zake atakugombeza, halafu atakuchumia fungu la kwenda nalo nyumbani, na bado anakugombeza. Haya ninayowasimulia, mengine nimeyapata kwake, mengine kwa mume wake ambaye ni fundi cherehani, na mengine kwa watoto wenyewe, ambao kunyamaza hawajafundishwa.

Darasa lake ni chumba cha mwisho kwenye korido, chenye dirisha lisilofungika na mlango usiofunguka mpaka uunyanyue kidogo. Pale shuleni kila darasa lina kiranja, na kiranja ndiye anayepanga zamu: nani afagie, nani afute ubao, nani akachote maji ya choo kwenye bomba la nje ya geti. Kiranja huteuliwa na Makamu, yaani mwalimu mkuu msaidizi. Kiranja wa darasa la nne alikuwa mvulana mmoja mrefu aitwaye Meneja, kwa sababu hutembea mikono nyuma kama anakagua kiwanda.

Zamu za Meneja zilikuwa na ugonjwa mmoja. Rafiki zake walifuta ubao, zamu baada ya zamu. Maji alichota msichana mmoja, yeye kwa yeye, mpaka wenzake wakasahau jina lake wakamwita Ndoo. Pale bombani foleni ni ya mtaa mzima, na maji yenyewe hutoka kama yanabembelezwa. Ndoo akirudi, kipindi cha kwanza kimekwisha. Na kipindi cha kwanza ni Hisabati. Wenzake walikuwa wameshafika kwenye sehemu, nusu na robo. Ndoo alikuwa bado anauliza kwa nini namba moja imepanda mgongoni mwa mwenzake. Mtihani wa kwenda darasa la tano ulikuwa unakaribia, na anayefeli Hisabati anarudia mwaka. Hapo ndipo mwalimu wetu alipokosa usingizi.

Mara mbili alibadilisha zamu kwa mkono wake. Mara mbili, alipogeuza kisogo tu, Meneja akazirudisha. Akaenda kwa Makamu.

"Mwalimu, yule kijana ana uongozi ndani yake," Makamu akasema, huku akikoroga chai aliyoletewa na Meneja huyo huyo.

"Ana uonevu."

"Sasa unataka nini?"

"Watoto wachague kiranja wao. Uchaguzi upo kwenye masomo yetu. Nataka waufanye kwa mikono, si kuukariri kama kasuku."

Makamu akacheka mpaka chai ikaingia kwenye sahani. "Wachague! Hao ambao kiatu cha kulia wanavaa kushoto! Haya, nimekupa mpaka kengele ya mwisho siku ya Ijumaa. Wakishindwa, Meneja anaendelea mpaka mwaka uishe, na habari za maji sitaki kuzisikia tena."

Basi kesho yake Shingoni akagawa vipande vya karatasi. "Andika jina la mtu unayetaka awe kiranja. Usimwonyeshe jirani." Watoto wakaandika wamefunika kwa kiwiko, ulimi nje. Akakusanya, akafungua cha kwanza, cha pili, cha tatu. Akaendelea kufungua huku uso unabadilika. Kila mtoto alikuwa amejichagua mwenyewe! Darasa zima limepata kura moja moja. Isipokuwa kijana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye alimchagua mama yake.

"Mama yako anasoma humu?"

"Hapana, Mwalimu. Lakini anaweza."

Kiganja kikapanda chini ya kidevu.

Siku iliyofuata akaja na mpango mwingine. Wagombea watatu tu, na kila mmoja asimame aseme atafanya nini. Meneja akasema watakaomchagua watakaa karibu na dirisha. Wa pili alikuwa Spika, mvulana ambaye sauti yake husikika mpaka darasa la saba. Yeye akaahidi kwamba kazi ya nyumbani itafutwa.

"Utaifutaje wewe?" Shingoni akauliza.

"Hayo ni mambo ya ndani, Mwalimu." Darasa likapiga makofi mpaka vumbi likashuka darini.

Wa tatu alikuwa msichana anayeitwa Miwani. Akasema polepole, "Mimi zamu nitazizungusha. Kila mtu atachota maji, na mimi nitachota." Mtu mmoja akakohoa. Ndoo hakusikia ahadi hiyo, maana alikuwa bombani.

Karatasi zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo Shingoni akaamua kura iwe kizibo cha soda. Akapanga makopo matatu nyuma ya ubao wa magurudumu, kila kopo na picha ya mgombea, na akawaambia kila mmoja aje kesho na kizibo chake. Alifurahi kwelikweli. Hata mimi aliniambia kwenye uzio, "Safari hii nimewapata."

Kumbe wao ndio waliompata. Alipomimina kopo la kwanza, vizibo vilitoka kama mvua ya mawe. La pili vivyo hivyo. La tatu, la Miwani, yule asiyepigiwa makofi, nalo lilijaa mpaka kwenye mdomo. Watoto walikuwa wamepita kila genge na kila jalala la mtaa. Vizibo vilikuwa vingi kuliko watoto wa shule nzima na walimu wao.

"Nani ameweka zaidi ya kimoja?"

Mikono yote ikapanda. Yote! Kwa fahari.

"Mwalimu," akasema mmoja kwa upole, kama anayemfariji, "si ulisema kila kizibo ni kura? Mimi nilikuwa navyo mfuko mzima. Ningevitupa?"

Na kwenye korido Makamu alikuwa anapita, akachungulia, akaona vizibo sakafuni, akasema, "Naona demokrasia imekunywa soda." Akaenda zake.

Jioni hiyo fundi cherehani alimkuta mkewe barazani amekaa mbele ya sufuria, jiko hajaliwasha.

"Mama, leo tunakula hasira?"

"Niache, baba. Kesho Ijumaa. Watoto hawa wameniweza. Ukiwapa karatasi wanajipenda, ukiwapa vizibo wanavizaa."

Fundi akatoa pini mdomoni. "Umewapa kura inayookotwa njiani, utalaumu nani? Kura inatakiwa isipatikane popote isipokuwa mkononi mwako." Akainama chini ya meza, akavuta mabaki ya kitambaa cha mapazia, cha zambarau chenye maua ya njano, kibaya hata mwenye mapazia alikuwa amejuta. "Hiki nilibakiza mimi peke yangu. Hakuna mwingine atakayekinunua, akili zake zikiwa timamu." Akachukua mkasi wake wenye meno, ule wa kukata ukingo usifumuke, akaanza kukata vipande vidogo, kra, kra, kra. Mke akawasha jiko.

Siku ya Ijumaa kipindi cha mwisho kikawa cha uchaguzi. Meza moja mlangoni, vipande vya zambarau, na kisahani cha wino wa muhuri. Unapewa kipande kimoja, unachovya kidole kidogo, unapita nyuma ya ubao, unatumbukiza kwenye kopo la unayemtaka, unatoka. Nani angekosea hapo?

Walikosea. Wa kwanza alichovya vidole vyote kumi, kwa usalama. Wa nne alitoka nyuma ya ubao na kipande chake bado mkononi.

"Mbona hukutumbukiza?"

"Kizuri, Mwalimu. Nataka nikamshonee mwanasesere."

"Rudi!"

"Hata nusu?"

"Rudi, mwanangu, kabla sijalia!"

Foleni ikasogea hivyohivyo, kwa vilio na misukumo. Katikati yake kulikuwa na mkoba. Mkoba wa buluu, mshipi mmoja umefungwa kwa kamba, umekaa sakafuni peke yake. Mtu wa nyuma akisogea, anausukuma kwa mguu, nao unasogea. Ulipofika mezani, waliofuata wakauzunguka, na Shingoni hakuuona, macho yake yalikuwa kwenye wino. Mpaka foleni ilipokwisha akaukuta mbele ya meza, umesimama kama raia mwema.

"Huu ni wa nani?"

"Wa Ndoo," akasema Miwani. "Yuko bombani. Meneja kamwambia maji ya jioni nayo ni yake. Nikamshikia foleni."

Shingoni akamtazama Meneja. Meneja akatazama dari. Kabla mwalimu hajafungua mdomo, kengele ikalia, na Makamu akaingia akiunyanyua mlango.

"Muda umekwisha. Wote wamepiga?"

"Bado mmoja."

"Basi hawajamaliza. Nilisema kengele." Akafurahi wazi kabisa, hakuficha. "Meneja anaendelea."

"Aliye kwenye foleni kengele inapolia anapiga kura," akasema Shingoni. "Ndivyo ilivyo popote watu wanapochagua."

"Kwenye foleni yuko nani? Naona mkoba! Toka lini mkoba ukapiga kura?"

Hapo ndipo Spika akainuka, yule wa kufuta kazi ya nyumbani. "Makamu, samahani. Bombani ukiweka ndoo yako, au hata jiwe, si umeshika foleni? Mtu akikuruka si anapigwa kelele?"

"Hiyo ni bombani."

"Na ndoo nyekundu yenye kamba ya kijani, inayokaa ya tatu kila asubuhi wakati mwenyewe yuko huku anakunywa chai, ni ya nani?"

Ndoo ile ilikuwa ya Makamu. Mtaa mzima unaijua. Darasa likaguna kwa pamoja, "Mmmh!" Makamu akashika tai yake kana kwamba imembana. Hata Meneja, nimeambiwa, aliuma mdomo asicheke.

"Mkisubiri, msubiri haraka," Makamu akasema, akavuta kiti.

Wakasubiri. Darasa lile ambalo halijawahi kukaa kimya kwa ridhaa yake likakaa. Spika akanong'ona, kwa kunong'ona kwake kunakosikika mpaka getini, "Mwalimu, tumpigie sisi. Tunajua anamtaka nani."

"Hakuna anayejua!" Shingoni akafoka. "Ndiyo maana tunamsubiri, jamani! Wiki nzima nafundisha nini?"

Ndoo akaingia pindo la sketi likiwa linachuruzika, akadhani amekosa kitu, maana macho yote yalikuwa kwake. Akapewa kipande chake. Akakigeuza, akakitazama mbele na nyuma.

"Na mimi?"

"Na wewe. Ingia nyuma ya ubao."

Akakaa huko muda mrefu. Walimsikia akipumua. Hatimaye kikasikika kishindo kidogo cha kitambaa, kama kitambaa kina kishindo.

Shingoni akahesabu mbele ya wote, akiinua kipande kimoja kimoja, nao wanahesabu kwa sauti. Ningependa kuwaambia kwamba Miwani alishinda. Wapi! Miwani alipata kiganja kimoja cha vitambaa. Meneja akamzidi. Aliyeshinda, tena kwa mbali, ni Spika na kazi zake za nyumbani zisizofutika. Mwalimu aliniambia moyo wake ulianguka kama ndoo iliyokatika kamba. Wiki nzima ya kuchemka, na watoto wamechagua kelele! Makamu akatabasamu, akasubiri aone kama mwalimu atageuza maneno. Hakugeuza. "Kiranja wenu ni huyu," akasema, kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge bila maji.

Miwani akanyoosha mkono. "Kiranja, Jumatatu nani anachota maji?"

Spika alikuwa bado anapunga mikono. "Kama kawaida tu."

"Kama kawaida nani?" Huyo hakuwa Miwani. Alikuwa Ndoo, amesimama, kidole chake kidogo kina wino. Watoto waliapa kwamba hawakuwahi kumsikia akiuliza kitu cha watu wote. "Mimi nimepiga kura. Nauliza."

"Eeh, anauliza!" dawati la nyuma likadakia. "Jibu!"

"Mwalimu," akasema yule aliyemchagua mama yake, "tukishamweka mtu, tunaweza kumtoa?"

"Huko sijafika," Shingoni akasema.

"Fika sasa, Mwalimu."

Spika akaona madawati yanaanza kugongwa, wengine ni walewale waliompa kura. Akashusha mikono. "Basi, basi! Mnanionea, sijakaa hata kitini. Jumatatu nachota mimi. Jumanne Meneja. Halafu tunazunguka kwa mstari wa madawati. Mmeridhika?"

"Na Makamu ashuhudie," akasema Ndoo.

Makamu akatikisa kichwa kukubali, akatoka akauacha mlango umening'inia.

Jumatatu, kipindi cha kwanza, Spika alikuwa bombani, na sauti yake ya kugombana na watu wa foleni ilisikika mpaka darasani. Ndoo alikuwa dawati la pili, daftari wazi, penseli imechongwa pande zote mbili. Shingoni akaandika ubaoni nusu kujumlisha robo, akamwita. Msichana akaenda mbele, akafikiri sana, akaandika jibu kubwa, la kujiamini. Mbili juu ya sita.

Mwalimu akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. Kisha akafuta ubao wote, hata tarehe, akachora duara moja kubwa.

"Kaa hapa karibu," akamwambia. "Huu ni mkate. Tunaanza mwanzo kabisa."