Bampa Lililoota Ndevu

Wazazi walipofariki niliacha shule. Wadogo zangu wako Kihesa kwa shangazi, nami ni kibarua wa gereji Mbeya. Nilimbembeleza bosi anipandishe niwe fundi, nipange chumba niwachukue. Akanijaribu kwa bampa la faiba la basi, nitoboe matundu ya taa kwa drili.

"Tumia biti ya vigae," akasema.

Nikaona inasaga polepole mno, nikafunga ya mbao, yenye meno. Ilitoboa upesi, ila ikavuta nyuzi za faiba nje pande zote. Nikazilaza kwa gundi, nikapaka rangi, nikajiona injinia.

Dereva wa basi alipolifuta bampa, kitambaa kikanasa kwenye nyuzi zilizochomoza tena.

"Fundi, lete wembe! Bampa langu limeota ndevu."

Bosi hakucheka. Alikuwa anaangalia drili niliyoiacha chini, biti ya mbao bado imezongwa na nyuzi.