Mgomba Tuliouzika kwa Jina la Kaka

Upepo wa asubuhi ulipotoka ziwani, nyumba yetu ilijaa harufu mbili kwa pamoja: mafuta ya kukaangia mapanki na moshi wa ndege. Mapanki ni vichwa na mifupa ya sangara inayobaki baada ya viwanda kuchukua minofu. Miaka hiyo, biashara huria iliporuhusiwa na wageni wakaja kujenga viwanda vya samaki, minofu ilipanda ndege kubwa za mizigo kwenda Ulaya, sisi tukabaki na mapanki. Tuliishi upande wa Ilemela, si mbali na kiwanja cha ndege, katika nyumba ambayo Baba, fundi seremala aliyehama kutoka Kagera, aliijenga kwa mikono yake na kuizungushia migomba ili asijione mgeni. Nilizaliwa mwaka 1981, nikaanza darasa la kwanza Januari 1991, mrefu kuliko wenzangu kwa kichwa kizima. Nilichelewa, kwa hiyo kila mwaka wa shule niliupata kwa shida, na sijausahau hata mmoja.

Kaka yangu Deo alikuwa amemaliza darasa la saba bila kuchaguliwa kwenda sekondari. Alibeba maboksi ya minofu hadi kwenye ndege, na jioni alirudi amelowa maji ya barafu, akisimulia jinsi marubani walivyoizunguka ndege kabla ya kuruka, wakiigusa hapa na pale kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Alisema naye atakuwa rubani, tena wa jeshi, kwa sababu hakujua mahali pengine ambapo mtoto wa seremala angefundishwa kuruka. Mtaa mzima ulicheka. Wanawake wa mapanki walimwita akipita: "Rubani wetu! Leo umetua na vichwa vingapi?" Naye akajibu, "Vya kwenu tu, mama zangu. Vingine vimeogopa kupanda." Baba hakucheka. Jioni moja ya Februari 1992 alimwambia mbele yetu sote, "Deo, ndege haiendeshwi kwa darasa la saba. Shika randa." Kaka akainamisha kichwa kwa heshima, akasema, "Baba, nitarudi hapa nikiwa na mabawa kifuani, au sirudi." Asubuhi iliyofuata kitanda chake kilikuwa kitupu.

Hatukupata habari zake hadi Agosti 1993, pale mtumbwi uliotoka upande wa Kamanga ulipopinduka kwa upepo. Wengine waliokolewa, wengine waliopolewa wakiwa maiti, wengine ziwa halikuwatoa. Ufukweni likaokotwa shati la njano lenye picha ya ndege mgongoni, shati la mtumba ambalo Kaka alilivaa mpaka kola ikachanika na Mama akaishona kwa uzi mwekundu. Mama aliushika uzi ule kwa vidole viwili, akakaa chini mchangani. Hakuna aliyetafuta ushahidi mwingine. Baba alizunguka fukwe akiwauliza wavuvi, akirudi na matope magotini, hadi kaka yake, ambaye sisi tulimwita Baba Mkubwa, alipofika kutoka Kagera na kumwambia aache kutafuta, azike.

Kwetu, mwili usipopatikana, huzikwa mgomba. Baba Mkubwa alichagua ulionyooka vizuri, akalikata shina kwa kimo cha Kaka. Wakalivika lile shati, wakalifunga sanda, wakalilaza sebuleni, nasi tukalilia usiku kucha kama inavyopasa. Nakumbuka utomvu ulivyopenya sandani na kuacha madoa ya kahawia, nami nikaamini kwamba mgomba ule unatoka damu. Ukashushwa kaburini nyuma ya nyumba, tukatupia udongo, tukanyolewa nywele. Tangu siku ile tulikatazwa kulitaja jina la Deo ndani ya nyumba, ili asisikie akaitika. Hofu yangu ilikuwa hiyohiyo, kwamba ataitika. Nilipotumwa kukata majani ya migomba nilipita mbali na kaburi, na upepo ulipoyachana majani niliyasikia yakinong'ona kwa sauti yake, ile ya mzaha. Ndege ilipopita juu ya bati, Mama aliacha mwiko ndani ya sufuria, na midomo yake ilitamka jina bila kutoa sauti.

Desemba 1997 nilikuwa nimekwishafanya mtihani wa darasa la saba, nikisubiri matokeo. Alasiri moja akaingia uani askari mrefu, kofia kwapani, mabawa ya rangi ya dhahabu kifuani. Nilimtambua kwa mwendo. Alisimama mbele ya Baba, aliyekuwa akipiga ubao randa chini ya paa la karakana.

"Shikamoo, Baba."

Baba aliinua kichwa, akamtazama kuanzia viatu hadi nywele, na hakuitikia. Mama alichomoka jikoni akipiga yowe. Baba akamdaka mkono. "Usimguse. Hajafukuliwa."

"Nani hajafukuliwa?" Kaka aliuliza, bado akitabasamu.

"Wewe. Uko pale nyuma, kwenye migomba."

Alisimulia yake akiwa amesimama palepale, jasho likimtiririka. Shati aliliuza stendi siku ile aliyoondoka, akaongezea nauli. Aliingia jeshini kama askari wa kawaida, akapangiwa kuosha ndege na kufunga mizigo. Siku moja vijana wenye vyeti walipandishwa kwenye ndege ya majaribio, naye akawekwa nyuma kushikilia mizigo. Hali ya hewa ikachafuka, wale vijana wakatapika mpaka nyongo. Yeye, aliyezoea harufu ya samaki na mawimbi ya ziwa, aliwashikia ndoo huku akimuuliza ofisa kwa nini bawa moja limeshuka. Ofisa yule akamwombea nafasi ya kufanya mtihani bila cheti cha kidato cha nne. Akafeli hesabu. Akasoma tena na Kiingereza juu yake, mwaka mzima, akarudia, akapita. Hakutuma habari kwa sababu alikuwa ameapa, na kiapo chake alikitoa mbele ya Baba.

Baba alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamweleza la kufanya. Baba Mkubwa ataitwa. Deo atafukua kaburi kwa mikono yake, atauchoma mgomba, atalala nje, atanyolewa, kisha ataingia kwa mlango wa nyuma kama mtoto anayezaliwa, na apewe jina jingine.

"Jina jingine?" Kaka aligusa kibao cha jina kilichokuwa kifuani, chini ya mabawa. "Baba, jeshi lilinipokea bila cheti. Nyumbani mnanidai cheti cha kuwa hai?"

"Jeshi halikukuzika," Baba alisema. "Mimi nilikuzika."

Sauti yake ilivunjika hapo, na mpaka leo sijui kama ilikuwa hasira. Najua tu kwamba alitamani kumkumbatia, kwa sababu aliiacha randa na kunyoosha mikono, kisha akaishusha, na kwamba alimwogopa mwanawe kama mtu anavyoogopa maiti. Kaka alivaa kofia, akapiga saluti, akaondoka. Alirudi mara nyingi miaka iliyofuata, akaleta sukari na vitenge, akakaa uani, wala hakuingia. Baba alipofariki, Juni 2011, Kaka alisubiri nje hadi jeneza lilipotoka mlangoni, ndipo akalipokea begani.

Siku hizi vijana wanaotaka kurusha ndege hupanga foleni wakiwa na bahasha za vyeti, na asiye navyo harudishwi na baba yake bali na mlinzi wa getini. Sidharau vyeti. Cha kwangu cha kidato cha nne nilikipata mwaka 2006, nikiwa mke wa mtu na mama wa watoto wawili, na mume wangu alinisindikiza darasani kila jioni bila kuona haya. Alipofariki, Machi 2019, nilirudi katika nyumba ya Baba ili nimtunze Mama, na sasa mwenye mlango ule ni mimi. Kaka amestaafu, anaishi Misungwi, analima mpunga. Alipokuja mara ya mwisho nilimwambia, "Kaka, aliyekukataza hayupo. Ingia basi, tule mezani." Akatazama mlango. "Angekuwepo ningeingia," alisema. "Sasa nikiingia, nani ataitikia shikamoo yangu?"

Nikamletea chakula uani. Alipokwisha kwenda, Mama, ambaye uzee umemchukulia mengi, aliniita kutoka kitandani.

"Yule mgeni ameondoka?"

"Ameondoka, Mama."

"Anafanana sana na marehemu mwanangu."

Nilimfunika miguu. "Ndiyo, Mama," nikasema. "Anafanana naye."