Mstari wa Mvua

Harufu ya majani ya chai yanayonyaushwa haifanani na harufu ya chai iliyo kikombeni. Ni kama nyasi zilizokatwa asubuhi zikaachwa hadi jioni, na ndani yake kuna utamu kidogo unaokaa kooni. Hata leo, nikipita barabara ya Kericho na upepo ukatoka upande wa kiwanda, narudi papo hapo kwenye laini tulizoishi nikiwa mtoto: nyumba ndogo za udongo zilizopangwa safu mbili, milango ikitazamana, na katikati njia moja ya matope ambayo haikuwahi kukauka. Mvua ilikuja kila siku baada ya chakula cha mchana, mara nyingine na mawe yaliyopiga mabati hadi watu wakaacha kuzungumza na kungojea tu. Mvua hiyo naomba msomaji aikumbuke, maana nitairudia. Watu wengine wakisikia harufu ile ya kiwanda hufurahi kwamba wamefika nyumbani. Mimi huinamisha uso.

Baba yangu alifanya kazi ghorofani, mahali pa kutandaza majani. Mlango uliotutazama ulikuwa wa fundi aliyetengeneza masanduku ya kufungia chai, mtu wa kutoka Nyeri, mpole, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Tulimwita Baba Nyambura kwa jina la binti yake mkubwa, aliyekuwa rika langu, na mkewe, ambaye jina lake lilikuwa Wanjiru, tulimwita Mama Nyambura. Sisi ni Wakipsigis, wao Wakikuyu, na mama zetu walielewana kwa Kiswahili cha laini, kila mmoja akikivunja kwa namna yake. Baba Nyambura ndiye aliyetuletea desturi ya kitabu. Krismasi moja, tulipokwisha kutoka kanisani na kula pamoja, alitoa kaunta buku mpya yenye jalada jeusi, akachonga ile penseli bapa ya useremala, akasema kila mmoja wetu ataje jambo moja analoshukuru, naye ataliandika ili lisipotee. Tangu siku hiyo ikawa hivyo kila mwaka. Tulianza na mdogo tukaishia kwa mkubwa, na hakuna aliyeruhusiwa kurudia la mwenzake. Yakishaandikwa yote, yalisomwa kwa sauti tukiwa tumesimama. Nakumbuka Baba, ambaye hakujua kusoma, akikuna kichwa muda mrefu kisha akasema, "Andika gambuti."

"Gambuti?" Baba Nyambura aliuliza. "Viatu vya mpira? Mungu atashangaa."

"Asishangae. Miguu ni yake, na mwaka huu haikuoza."

Aliandika. Mpaka leo neno hilo liko kwenye kitabu, kwa herufi nene za penseli.

Kisha ikaja miaka ya Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau. Mwaka mmoja, kabla ya mahindi kukomaa, askari walikuja kiwandani wakamchukua Baba Nyambura pamoja na Wakikuyu wenzake kadhaa. Hakuna aliyetuambia amefanya nini. Mama Nyambura alibaki na Nyambura na kitoto cha miezi michache, akichuma chai kama kawaida, ila watu walianza kumpitia mbali kisimani. Mwaka huo huo, karibu na mwisho wake, Mama yangu alimzaa ndugu yangu Kiprono. Siku ya nne matiti yake yalivimba, moja likafanya jipu, na homa ikamlaza asijue mchana wala usiku. Kiprono alilia hadi sauti ikamwisha. Tulimpa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko akayatapika. Mama Nyambura alivuka njia ya matope bila kuitwa, akamchukua, akaketi kwenye kigoda chetu na kumnyonyesha, huku mtoto wake mwenyewe akingoja zamu mgongoni. Alifanya hivyo majuma matano. Alikuja kabla ya kwenda kuchuma, akarudi saa ya kupima majani, akaja tena jioni nguo zake zikiwa zinachuruzika maji. Mama alipona. Kiprono alinenepa mashavu.

Mimi nilikuwa darasa la tatu. Shuleni kulikuwa na msichana mmoja mkubwa aliyeishi laini ya juu, na siku moja wakati wa kucheza alisimama mbele ya wote akasema, "Chelangat, ni kweli ndugu yako ananyonya Mau Mau?" Wakacheka. Kutoka siku hiyo, nikipita, mmoja alikuwa akinyonya kidole na wengine wakiangua kicheko. Sikumwambia mtu nyumbani. Nilianza kumchukia Mama Nyambura, kwa chuki ya kitoto, kana kwamba yeye ndiye aliyenicheka.

Krismasi ilifika na mwandishi wetu hakuwepo. Baba alinikabidhi kitabu mbele ya watu wote akasema sasa nyumba ina karani wake. Nilikuwa na kalamu ya wino niliyoazimwa na mwalimu, maana alikuwa ametuagiza kila mmoja alete shuleni kitu alichokiandika likizoni, na nilikwisha kuamua kwamba nitapeleka ukurasa huo. Nilitaka darasa lione mwandiko wangu. Nyambura alishukuru kwa sababu barua moja ya baba yake ilifika. Baba alishukuru kwa paa lisilovuja. Mama Nyambura aliposhukuru alisema kitu kifupi kuhusu uzima. Mama yangu, aliyekuwa akimbembeleza mtoto zamu yake ilipopita, akawa wa mwisho. Alisimama na Kiprono mikononi akasema polepole, ili niandike neno kwa neno.

"Andika Wanjiru, bibi ya fundi. Andika ya kwamba huyu mtoto ni yangu na ni yake. Bila yeye tungekuwa tumechimba shimo."

Niliinamia karatasi. Akilini nilimwona yule msichana mkubwa wa shuleni akisoma mstari huo juu ya bega langu. Niliandika, kwa mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuandika: *Mama anashukuru kwa mvua.*

Kisha Baba akasema nisome. Tukasimama. Nilisoma mistari yote kama ilivyokuwa, na nilipofika kwa Mama nilisoma ambacho hakikuandikwa. Nililisoma jina la Wanjiru, na mtoto wa mama wawili, na shimo, yote, bila kukwama. Wakubwa wote waliokuwepo hawakujua kusoma, na Nyambura, ambaye kule laini hakuwa amepelekwa shule, hakujua pia. Mama Nyambura alifuta macho kwa ncha ya leso akanisogelea. "Nionyeshe mahali niko," alisema. Nikamshika kidole. Kilikuwa kigumu, kimekuwa cheusi kwa utomvu wa chai, na ncha yake ilikuwa na nyufa. Nikakiweka juu ya mstari wa mvua. Alikipitisha polepole kutoka mwanzo hadi mwisho, akacheka kidogo, akasema, "Kumbe mimi ni mrefu hivi."

Shule ilipofunguliwa mwalimu alipiga alama ya vema kwa wino mwekundu pembeni mwa ukurasa, akaandika *Vizuri sana*. Hakuna aliyenicheka. Mwezi uliofuata lori lilikuja laini kuchukua familia za Wakikuyu waliobaki. Walipewa muda wa kufunga mizigo tu. Mvua ilikuwa imeanza, na Mama alisimama matopeni akiwa amemshika Kiprono, akilia kwa sauti kama msibani. Mama Nyambura alimfikia mtoto kutoka juu ya lori akamgusa kichwa, akamwambia Mama, "Usilie hivyo, Mama Chelangat. Si nimeandikwa kwenu? Mtu ameandikwa hapotei." Kisha akanitazama mimi, karani, akainamisha kichwa kwa shukrani.

Hatukumwona tena.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila Krismasi, kabla ya kuandika ya mwaka mpya, alitaka nisome ukurasa ule, na kila Krismasi niliusoma vile alivyotaka. Maneno yake niliyajua kwa moyo. Ningeweza kuandika ukweli wakati wowote, palikuwa na nafasi chini, lakini kuandika kungekuwa kukiri, na nilivyozidi kuwa mkubwa ndivyo kukiri kulivyozidi kuwa kugumu. Kiprono alipoanza kujua kusoma, nilikificha kitabu ndani ya sanduku langu, nikasema nyumbani kwamba kimeliwa na mchwa. Mama aliomboleza kitabu hicho kama alivyoomboleza watu. Kiprono alikua akijua habari ya Wanjiru kwa mdomo wa Mama. Alipokuwa mtu mzima alimtafuta, akauliza huku na huku hadi akafika Molo, akamkuta Nyambura peke yake. Mama yake alikuwa amekwisha kufariki. Tangu hapo Kiprono na Nyambura wakawa wakipigiana simu. Alimwita dada, mbele yangu, kwa urahisi ambao sikuwahi kuupata. Mara kwa mara aliniambia, "Laiti mchwa wangeacha ukurasa ule mmoja tu." Nami nikajibu, "Laiti."

Tulimzika Kiprono mwaka jana, kule Kapkatet. Nyambura alikuja, mwanamke mzee kama mimi, akitembelea fimbo. Alinipa mkono, akaniambia, "Pole. Koti yake ya harusi ndiyo mmemvalisha? Imempendeza." Ningeweza kumwacha arudi Molo na amani yake. Watu walipokuwa wakila, nilimwita chumbani kwangu nikafungua sanduku, nikamwekea kitabu mapajani. Alitazama jalada jeusi, akautambua mwandiko wa penseli wa baba yake kwenye kurasa za mwanzo, akaupitishia kidole. Kusoma alijifunza ukubwani, kanisani, na bado alisoma kwa kidole. Nilimwonyesha ukurasa wetu, na mstari ambao mama yake aliugusa. Nikamwambia yote niliyoyaeleza hapa, bila kuongeza wala kupunguza, hata lile la kuchekwa.

Alisoma mara mbili. Aliigusa ile alama nyekundu ya mwalimu.

"Mvua," alisema. "Kericho hii? Nani anashukuru mvua Kericho? Si inanyesha hata ukiikataa?"

Alicheka, na mimi nusura nicheke naye, kisha nikaona hacheki tena. Nilishika kalamu nikamwambia naweza kuandika sasa, nafasi iko. Alifunga kitabu.

"Wacha. Mama yangu alikufa akijua ameandikwa. Kule tulikopelekwa, siku tulipolala njaa, alikuwa anatuambia hivyo: kuna nyumba Kericho tumeandikwa. Sasa mimi sijui kama hiyo ilikuwa chakula ama ilikuwa uongo. Nipe siku, Chelangat. Usinipigie. Nitakupigia."

Aliondoka na gari la jioni. Hajapiga, na simlaumu.

Krismasi iliyopita wajukuu, ambao huniita Kogo, yaani bibi kwa lugha yetu, walijaa nyumbani kwangu. Siku hizi hawaandiki. Mkubwa wao hushika simu, humzungukia kila mmoja, na kila mmoja husema shukrani yake akionekana uso na sauti. Nawatazama na kujiambia kwamba hakuna mtoto anayeweza kumsomea mtu jina ambalo halipo katika kitu kama hicho. Wana bahati kuliko sisi, ingawa wao husema haraka, na hakuna anayesimama. Zamu yangu ilipofika yule kijana alinielekezea simu akasema, "Kogo, na wewe? Unashukuru nini mwaka huu?"

Nilisimama. Nikasema namshukuru Wanjiru, mke wa fundi wa masanduku, aliyemnyonyesha ndugu yangu. Nilitaka kuendelea, lakini kijana alishusha simu. Alikuwa ananitazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mzee aliyechanganya mambo. Wengine nao walitazamana, hata watoto wa Kiprono, waliomjua Nyambura kama shangazi tu bila kuambiwa kwa nini, kila mmoja akingoja mwenzake ajibu. Kisha akauliza, na niliona wazi kwamba alikuwa anauliza kwa niaba ya nyumba nzima:

"Kogo, Wanjiru ni nani?"