Vichwa Kumi na Vinane vya Mzee Tuli na Waraka wa Kunyoa

Jumatatu ya tarehe nne mwezi huu, saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, mlango wa darasa la ufinyanzi unafunguliwa na mwanamume wa makamo anaingia. Kidevu chake kinang'aa kama sahani iliyooshwa sasa hivi. Anapanda jukwaa dogo la mbao katikati ya chumba, anaziweka nyayo zake ndani ya alama mbili za chaki, anaketi kwenye stuli, na macho anayaelekeza kwenye msumari mmoja uliopigwa ukutani.

Wanachuo kumi na wanane wanamtazama.

Binti mmoja mwenye miwani, mikono yake imejaa udongo hadi viwikoni, anamsogelea kwa adabu.

"Samahani mzee, hapo huwa anakaa mtu. Unamtafuta nani?"

"Ni mimi," anajibu mzee. "Mmeamkaje?"

Sauti ndiyo inayowafanya wamtambue. Mwalimu wao, mama mmoja mwembamba mwenye aproni ya turubai, anaketi juu ya gunia la udongo bila kuangalia kama limelowa. Kwa wiki tano darasa zima limekuwa likifinyanga kichwa cha mzee huyu, ambaye hadi Ijumaa alikuwa na ndevu zinazofika kifungo cha pili cha shati. Paji la uso limekwisha. Macho, pua na masikio yamekwisha. Ndevu waliziacha za mwisho kwa sababu ndizo ngumu kuliko vyote, na maonyesho ni baada ya siku kumi na saba.

"Mzee," mwalimu anauliza polepole, "ndevu ziko wapi?"

"Kwa kinyozi," anajibu. "Ofisi imesema."

Hivyo ndivyo mambo yalivyoharibika katika chuo hiki cha sanaa na ubunifu. Hayakuharibiwa na mzee. Kama kawaida, yaliharibiwa na watu wenye mhuri.

Chuoni anaitwa Mzee Tuli, jina alilopewa na wanachuo wa zamani kwa sababu akikaa, ametulia tuli hata nzi humhesabu kuwa samani. Ana umri wa miaka hamsini na tisa, na kazi yake ni kukaa. Anakaa ili achorwe, apakwe rangi kwenye turubai, afinyangwe. Dakika ishirini za kukaa, tano za kunyoosha miguu, kisha anarudi kwenye chaki yake, jicho kwenye msumari.

"Watu wananicheka," anasema. "Wananiambia, nawe unaita hiyo kazi? Nawajibu, haya, kaa wewe. Dakika ya saba pua itakuwasha. Ya kumi mguu utalala. Ya kumi na tano utakumbuka kwamba hukufunga mlango wa uani. Hapo ndipo utajua kama ni kazi."

Kazi hii hakuiomba. Miaka kumi na minne iliyopita alikuwa anasukuma mkokoteni, akileta magunia ya udongo chuoni. Siku moja ya joto alishusha magunia kumi na mawili peke yake, akaona jukwaa tupu, akakaa kupumzika. Usingizi ukamchukua.

"Nilipofumbua macho, nikaona watu kama thelathini wamenizunguka, kila mmoja na ubao wake, wananitazama kama daktari anavyotazama jipu," anasimulia huku akicheka. "Nikajua nimekufa. Halafu mwalimu akasema, mzee usiamke, bado sikio."

Tangu siku hiyo hajasukuma mkokoteni. Lakini asidhani mtu kwamba aliukwaa utajiri. Malipo yake ya siku yanatosha mikate miwili, lita moja ya maziwa na nauli ya kurudi. Nauli ya kwenda ni miguu yake. Wanachuo wakienda likizo hakai, na asipokaa hapati kitu. Kwenye karatasi zao yeye ni kibarua wa muda. Muda gani huo unaochukua miaka kumi na minne, waulizwe wanaoshika kalamu.

Sasa tuje kwenye waraka wenyewe. Chuo kina Wiki ya Milango Wazi kuanzia Jumatatu ijayo, tarehe kumi na nane. Ratiba imejaa. Jumatatu ni mabango na michoro. Jumanne kuna mhadhara kuhusu ubunifu wa viti, ambao wengi wataufuatilia wakiwa wamesimama, kwa sababu ukumbi una viti sitini. Jumatano ni maonyesho ya mavazi. Alhamisi, tarehe ishirini na moja, ni vichwa vya udongo. Ijumaa ni picha, na Jumamosi wanachuo watauza kazi zao uwanjani.

Kwa ajili ya wiki hiyo, Ofisi ya Matukio ilitoa waraka Ijumaa ya tarehe mosi, ukabandikwa kila mlango. Ulisema vibarua wote watakaoonekana na wageni wawe nadhifu: viatu vipigwe rangi, nywele zikatwe, ndevu zinyolewe. Asiyetimiza hatapita geti la mbele siku za wageni.

Mzee Tuli aliusoma mara mbili, akauliza kama na yeye anahusika. Karani akamwambia kibarua ni kibarua. Jumatatu alfajiri akaenda kwa kinyozi.

"Kinyozi aliniuliza mara tatu kama nina hakika," anakumbuka. "Mara ya tatu akaniuliza kama nyumbani kuna amani."

Ofisi hiyohiyo, mezani hapohapo, wiki hiyohiyo, ilikuwa imeshachapisha mabango mia mbili ya Alhamisi. Juu yamechorwa uso wa Mzee Tuli na ndevu zake zote, na chini yameandikwa: "Njooni mumwone Mzee Mwenye Ndevu mara kumi na nane." Mkono wa kulia ulikaribisha ndevu, wa kushoto ukazifukuza, na kichwa kilichokuwa katikati ya mikono hiyo kilikuwa kwenye mkutano.

Alipoulizwa, Afisa wa Matukio alisema waraka ule ulikuwa "wa jumla" na mzee alipaswa kutumia busara. Ajabu ni kwamba watu hawa husahau kumwajiri mtu kwa busara yake, ila wakikosea wao ndipo huidai.

Ofisi ikatafuta dawa. Jumanne wakatoa ndevu za bandia kwenye stoo ya mavazi, zimesukwa kwa katani, zinanuka dawa ya nondo. Mzee akazivaa, akakaa, akautafuta msumari kwa jicho. Dakika ya kumi na mbili akapiga chafya. Ndevu ziliruka zikatua ndani ya ndoo ya maji ya udongo.

"Tulijitahidi tusicheke," anasema yule binti mwenye miwani. "Kisha mzee mwenyewe akasema, jamani, ndevu zimeshaingia udongoni, nani ananizika mimi? Basi, tukaishia hapo. Siku ile hakuna aliyefinyanga."

Jumatano lilikuja jambo lisilochekesha. Ofisi ilimleta mtu mwingine, ndugu wa dereva wao, mwenye ndevu nzito zisizo na mvi hata moja. Mzee Tuli akaambiwa angoje nje. Akiweza mgeni, kiti ni cha mgeni, na si kwa mwezi huu tu.

Alikaa nje ya mlango juu ya gunia tupu, mikono juu ya magoti, vilevile kama anavyokaa ndani. Alikuwa akiisikia sauti ya kengele ndogo ya mwalimu inayohesabu dakika ishirini. "Niliwaza mkokoteni," anasema, na hapa hacheki. "Niliwaza magoti yangu ya sasa na magunia kumi na mawili."

Kengele haikufika mwisho. Mgeni alipokea simu mara nne akiwa jukwaani. Ya tano alipiga yeye, ikamkatikia kwa kukosa salio, akasimama akaenda kununua vocha, na hakurudi.

Mwalimu akatoka nje. "Mzee, ingia ndani," akamwambia.

"Na ndevu, mwalimu?"

"Mimi ninawafundisha hawa kufinyanga wanachokiona. Wanakiona kidevu. Basi."

Na hapo ndipo akili ya darasa ilipofanya kazi, bila kikao wala posho ya kikao. Mwalimu alikata vipande vya karatasi, akaandika tarehe, kuanzia siku hiyo hadi Jumatano ya mkesha wa maonyesho, nyingine mara mbili ili zitoshe watu kumi na wanane, akavitia kwenye kopo la brashi. Kila mwanachuo akachota chake. Siku iliyotoka ndiyo siku yake ya kumaliza kidevu, kama kitakavyokuwa siku hiyo: kitupu, chenye vipele vya kunyolewa, chenye vinywele kama vumbi la chaki, au chenye ndevu changa. Vichwa vitapangwa kwa tarehe. Mtu akiingia ukumbini atatembea kutoka kushoto kwenda kulia, na ndevu zitaota mbele yake.

Binti mwenye miwani alichota siku ileile ya kwanza. Kichwa chake ndicho kitakachokuwa kwenye lango la safu.

"Nina kidevu cha siku mbili, ni kama kitupu kabisa," analalamika. "Kina kishimo katikati, kama alama ya kidole. Wenzangu watajificha nyuma ya ndevu. Mimi kishimo nimekirudia mara tisa."

"Kirudie ya kumi," mzee anamjibu kutoka jukwaani, midomo haimchezi sana. "Hicho kishimo ni cha baba yangu. Sikujua kama alinirithisha."

Vichwa vitaonyeshwa vikiwa udongo mbichi, vimelowanishwa kwa matambara. Tanuri liliharibika mwaka juzi, na fomu ya kuliombea fundi iko ofisini inasubiri sahihi. Huenda nayo inasubiri ndevu ziote.

Nyumbani kwa Mzee Tuli, vyumba viwili nyuma ya duka la vyombo, mkewe ameketi mlangoni na cherehani yake. Yeye hushona sare na kubadilisha zipu. Walioana miaka ishirini na saba iliyopita, na bwana harusi alikuja na ndevu zake.

"Sikuwahi kumwona kidevu," anasema. "Jumatatu nilisikia hodi, nikafungua, nikamwambia mwenye nyumba hayupo."

"Ulinifungia mlango," mumewe anamkumbusha.

"Nilikufungia kwa heshima. Nilikwambia baba, njoo jioni."

"Kisha ukachungulia dirishani."

"Nilikuwa natazama kama umeondoka na ndoo yangu."

Wanacheka wote wawili mpaka mguu wa mama unaachia pedali ya cherehani. Wengi hukaa miaka mingi wakilalamika kwamba wake zao wana maneno. Thamani ya maneno hayo anaijua yule ambaye nyumba yake imenyamaza.

Mama huyu anamshonea mumewe shati jipya la Alhamisi. Kola ameipunguza. Anasema ndevu zilikuwa zikificha kola mbovu miaka yote hiyo, na sasa shingo imejitokeza, inataka haki yake.

Lakini shati hilo lina shughuli yake, na hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Kwa miaka kumi na minne Mzee Tuli hajawahi kuona kazi yake ikiwa ukumbini. Siku za wageni vibarua hupitia mlango wa nyuma na kukaa stoo. Nyuso zake amekuwa akizikuta baadaye, zimerundikwa humo stoo, pua zimekatika.

"Wageni wananiona, mimi sijioni," anasema. "Safari hii nataka nipite mlango wa mbele na mke wangu. Nitembee kutoka kichwa cha kwanza mpaka cha mwisho. Nikitoka hapo, hata wakitaka nikae miaka mingine kumi na minne, nitakaa."

Mwalimu ameandika majina yao wawili kwenye orodha ya waalikwa. Darasa zima limetia sahihi. Kinachobaki ni geti.

Leo Ijumaa, ndevu za Mzee Tuli zina siku kumi na moja. Zinakwaruza, nyeupe kwa nyeusi, kama brashi iliyosahauliwa kwenye rangi. Alhamisi zitakuwa na siku kumi na saba. Hazitatosha kuwa za kwenye bango, na zitazidi za kwenye waraka. Akizinyoa tena, safu ya vichwa itakosa mwisho, kwa kuwa wanachuo watano bado hawajamaliza videvu vyao.

Waraka haujafutwa. Umebandikwa ndani ya kibanda cha mlinzi, juu ya meza yake. Bango nalo limebandikwa nje ya kibanda hichohicho, upande wa pili wa ukuta huohuo.

"Mimi nafuata karatasi," anasema mlinzi, kijana mpole ambaye naye amenyolewa mpaka anameta. "Nimefundishwa hivyo. Sasa karatasi ni mbili, mzee ni mmoja."

Jumanne ya wiki hii Mzee Tuli aliandika barua kwenda Ofisi ya Matukio, kwa mkono wake, karatasi ya daftari. Ilipokelewa, ikagongwa mhuri, ikatiwa kwenye faili. Jumatano akaambiwa mhusika hayupo. Alhamisi akaambiwa mhusika yupo ila ana wageni. Leo akaambiwa asisumbue, watu wana matukio.

Nakala ya barua hiyo anayo mkewe, ameibana kwa pini kwenye mfuko wa lile shati jipya. Ina swali moja tu, na hadi tunakwenda mitamboni hakuna aliyelijibu:

"Naomba kujua, mkuu, Alhamisi ni nani atakayeruhusiwa kupita mlango wa mbele na mke wake: ni mtu wa kwenye waraka, au ni mtu wa kwenye bango?"